Kwa Nini Bi Naomi Alifunga Mlango

Satellite, Nairobi
Jumapili alasiri

Mama mpendwa,

Kabla ya yote nakuuliza hali, na safari hii naomba usinijibu kwa mazoea: unaendeleaje? Nyanya je, miguu bado inamsumbua asubuhi za baridi? Na mdogo wangu Mwadime, ameacha kutoroka shule? Mimi ni mzima wa mwili. Mama Mdogo naye ni mzima, biashara yake ya matumbo inaendelea, na kila alfajiri anakwenda Dagoretti machinjioni kuchagua mzigo kabla wenzake hawajafika. Barua hii nampa Mjomba Mghanga, kwa kuwa anarudi Wundanyi keshokutwa, na nimemwomba aitie mkononi mwako mwenyewe. Kwenye simu ya jirani dakika zetu huisha kwa salamu tu, na haya ninayotaka kusema hayasemeki huku mtu mwingine amesimama akingoja simu yake.

Mama, nilimwona mwandishi wetu. Lile swali lako nilimuuliza. Jibu nimelipata. Sahihi yake sikuipata, na sasa hata sijui kama bado naitaka.

Unakumbuka likizo ya Aprili nilivyokuwa nikikusomea kile kitabu chetu cha mtihani, wewe ukishona sare za watoto wa shule ya msingi, mimi nimekaa kwenye kiti cha wateja. Tulipofika pale kijana Yona anaporudi nyumbani kutoka shule ya bweni, mvua inanyesha, anagonga, na mama yake, Bi Naomi, anamwambia kupitia mlango uliofungwa, "Rudi ulikotoka, humu hamna nafasi yako," ulisimamisha cherehani. Ukaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Ukasema, "Huyu mwanamke hakufunga mlango hivihivi. Kuna kitu huyo bwana hakutuandikia. Ukikutana naye huko mjini, muulize." Nilicheka, kwa sababu kwako wewe Nairobi ni mahali ambapo watu wote hukutana barabarani. Lakini swali lenyewe lilinikaa. Tangu siku hiyo nilitaka kukuletea jibu kuliko nilivyotaka alama.

Sasa nikueleze namna kitabu kinavyosomwa shuleni kwetu, maana bila hilo hutaelewa kosa lilitoka wapi. Mwalimu Kezia, anayetufundisha Kiswahili, husimama mbele na mwongozo wake mkononi, akatusomea sifa za kila mhusika polepole, nasi tunaziandika pembeni mwa ukurasa ule ule anapotajwa, ili wakati wa kujitayarisha tusihangaike kutafuta. Ndivyo tulivyofundishwa tangu kidato cha kwanza. Kitabu changu kimejaa pembeni pote, juu na chini, kwa wino mwekundu. Kwenye ukurasa wa mlango niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri: BI NAOMI – katili, mbinafsi, hana mapenzi ya mzazi. Nikapiga mstari mara mbili, kwa kuwa Mwalimu alisema swali hilo haliwezi kukosa kwenye mtihani.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu Kezia aliingia darasani akiwa na furaha ambayo hatujaizoea. Mwandishi angekuja Jumamosi kwenye duka moja la vitabu katikati ya mji, kutia sahihi na kuzungumza na wasomaji. Shule ingepeleka wanafunzi kumi. Akanitaja wa kwanza, na nikaona wenzangu wakiangaliana, kwa sababu wanasema mimi ni mtoto wa Mwalimu. Kisha akatugawia vikaratasi vyenye maswali ya kuuliza, kila mtu na lake. Langu lilikuwa: Ni nini kilikuchochea kuandika?

"Usiongeze, usipunguze," aliniambia. "Shule nyingine zitakuwepo. Sitaki aibu."

Nikakitia kikaratasi hicho mfukoni mwa sweta, swali lako nikaliweka kichwani.

Tulipofika dukani foleni ilikuwa imeshatoka nje hadi kwenye ngazi. Mwanamke mmoja wa duka, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo, alikuwa akipita akipaza sauti, "Ni vitabu vya leo pekee! Anatia sahihi vilivyonunuliwa leo, vya zamani mrudishe kwa mifuko!" Wenzangu tisa wakanunua vipya. Mimi nilibaki na changu. Nilijua ningekatazwa, lakini niliona kutiwa sahihi kwenye kitabu ambacho sijakisoma ni sawa na kumsalimia mtu ukiwa umeangalia kwingine.

Nyuma yetu walisimama wasichana wa shule moja ya huko Loresho, sweta zao za kijani hazina hata uzi uliolegea. Mmoja akainama karibu na bega langu akanusa.

"Manze, hiyo buku yako inanuka supu."

"Ni ya butcha hiyo," mwenzake akasema. "Kwani uliisoma ukikula?"

Nikageuka nikamwambia, "Si supu. Ni matumbo. Supu hainuki hivi."

Walicheka hadi watu wa mbele wakageuka. Hata wenzangu wa shule walicheka, na Jane, ninayekaa naye dawati moja, alisogea hatua mbili ili aonekane hayuko nami. Mama, sikuona haya ya matumbo. Nilichoona ni kwamba hakuna hata mmoja pale aliyekuwa akizungumza juu ya kitabu chenyewe.

Mwandishi alikuwa amekaa nyuma ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa. Nilimfikiria mrefu. Ni mfupi, ndevu zake nyeupe, sweta yake imefungwa vifungo vibaya hivi kwamba upande mmoja umepanda juu. Alikuwa haangalii watu. Aliuliza jina, akaandika, akasukuma kitabu, akauliza jina. Wenzangu walisoma maswali yao kwenye vikaratasi, naye akajibu kwa maneno mawili matatu. "Unashauri nini vijana?" "Wasome." "Kitabu kina mafunzo gani?" "Muulize mwalimu wako." Mwalimu Kezia alikuwa amesimama kando akitabasamu kila baada ya jibu, kana kwamba amepongezwa.

Zamu yangu ikafika.

"Jina."

"Wakesho."

"Hiyo si ya leo," mwanamke wa duka akaingilia, akanishika kiwiko. "Toka kwa laini, enda ununue."

"Ndicho nilichosomea," nikasema. "Ndicho nilichomsomea mama yangu."

Hapo mwandishi akainua macho kwa mara ya kwanza. Akanyoosha mkono. "Kilete."

Moyo wangu ulijaa, Mama. Niliona kama wewe na mimi tumepishwa wote wawili. Akakishika, lakini hakikufunguka mwanzoni. Kilifunguka kwenye ukurasa wa mlango, kwa sababu nimeufungua mara nyingi mpaka kitabu kimevunjika hapo. Akavaa miwani. Akasoma pembeni. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji.

"Nani ameandika haya?"

Nikamtazama Mwalimu Kezia. Mwalimu Kezia akatazama rafu za vitabu.

"Ni mimi."

"Katili," akasoma kwa sauti. "Mbinafsi. Hana mapenzi ya mzazi. Na ukapiga mstari mara mbili. Mmoja haukukutosha?"

"Ni sifa za mhusika, Mzee."

"Mhusika!" Akavua miwani. "Huyu mwanamke alikukosea nini wewe? Alikunyima uji?"

Watu wakacheka. Walidhani anatania. Yeye hakucheka, na walipoona hivyo wakanyamaza mmoja mmoja.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Mama, ningeweza kuomba msamaha nikaondoka. Lakini nilijua sitasimama mbele yake tena maishani, na swali ulilonituma lilikuwa mdomoni. Nikauliza, "Basi kwa nini alifunga mlango?"

"Wakesho!" Mwalimu Kezia akanong'ona kwa nguvu. "Swali lako! Soma swali lako!"

"Mwache," mwandishi akasema, na haikuwa kwa wema. "Amenihukumia mama, acha asikie kesi. Ndani mlikuwa na kifua kikuu, binti. Ndugu yangu mdogo alikuwa anatema damu, na mama mwenyewe alikuwa ameshaanza. Dawa hazikuwepo. Angeniambia ukweli ningeingia, alinijua, ningeingia nikalala katikati yao. Kwa hiyo akanitukana. Akanitukana mimi, mtoto aliyekuwa akimlilia, ili niende zangu nikimchukia. Nikaenda. Nikaishi. Wao wawili walizikwa mwaka huo. Haya, nionyeshe. Hilo liko wapi hapa kwenye wino wako mwekundu?"

Alikuwa akipiga ukurasa kwa kidole. Niliogopa, lakini pia nilihisi kitu kingine, nacho kilikuwa hasira. Nilikisoma kitabu hicho mara tano. Najua kila mstari.

"Halimo kwenye wino wangu," nikasema, "kwa sababu halimo kitabuni. Wewe ndiye uliyeandika."

Mwandishi aliniangalia kama mtu aliyepigwa na mtoto na hajui amrudishie vipi.

"Niliandika nikiwa kijana," akasema mwishowe, sauti ikiwa imeshuka. "Sikujua. Shangazi yangu aliniambia mimi nikiwa na mvi, akiwa yeye mwenyewe kitandani, na kitabu kimeshachapwa na nyinyi mnakikariri. Sasa kila mwaka watoto wa nchi nzima wanakaa kwenye madawati wanaandika kwamba mama yangu ni katili. Na wanapewa alama!" Akakifunga kitabu. Akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja, kama sahani ya chakula kilichopoa. "Hapa siwezi kutia jina langu. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa yule msichana aliyenusa kitabu changu. Alipita bila kuniangalia.

Nje, Mwalimu Kezia alinivuta kando karibu na mwuza magazeti. "Nilikupa swali moja. Moja tu! Umeniaibisha mbele ya shule zote."

"Mwalimu, ningesema nini? Ningesema ni wewe uliyetusomea?"

"Usinijibu."

"Basi tufute?"

"Tufute nini?"

"Katili."

Akanikazia macho. "Sikiliza, Wakesho. Mtihani hausahihishwi na mwandishi. Unasahihishwa na sisi walimu, kwa majibu yaliyopangwa. Ukiandika huruma utapata sifuri, halafu uende ukamlilie yeye na sweta yake."

Jumatatu alinijaribu. Aliingia, akauliza darasa zima lakini akanitazama mimi: "Taja sifa moja ya Bi Naomi." Nikasimama nikasema, "Ana huruma." Darasa likaguna. Akauliza mara ya pili, nikasema hivyo hivyo. Akaniambia nikasimame nyuma karibu na ndoo ya takataka, na nikasimama huko hadi kengele. Jane alinipitia akaniambia, "We si ungesema tu katili ukae chini? Kwani ni mama yako?" Tangu siku hiyo Mwalimu hanitaji tena, na vitabu vyetu vya insha vilipokusanywa kupelekwa kwenye mashindano, changu kilirudishwa peke yake.

Na sitakuficha, Mama, yule mwandishi nimemkasirikia zaidi ya Mwalimu. Mwalimu alisoma mwongozo. Mimi niliandika nilichosomewa. Yeye alikuwa na miaka mingi ya kuandika kitabu kingine na kusema, jamani, nilimkosea mama yangu. Badala yake amekaa nyuma ya meza akawangojea watoto awagombeze. Nilimpenda sana. Nilikuwa nimekata picha yake gazetini nikaibandika juu ya kitanda. Nimeibandua.

Ningeishia hapa na barua ingekuwa fupi. Lakini jioni ya Jumatatu hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba na Mama Mdogo, tunaosha matumbo kwenye beseni, na nikaona nimhadithie ili acheke, kwa maana yeye hapendi watu wenye majina. Alicheka kweli nilipofika pale pa supu. "Ungewaambia wakuje Jumamosi niwauzie." Nilipofika pale mwandishi aliponigombeza akasema, "Watu wa vitabu, kiburi tupu." Kisha nikamweleza jibu. Nikasema, kumbe alifunga mlango kwa ajili ya kifua kikuu, alitaka mtoto amchukie ili asiingie.

Kisu chake kikasimama.

"Nani amekuambia habari za mama yako?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Namsema Bi Naomi, Mama Mdogo. Wa kitabuni."

Uso wake ukabadilika. Akaanza kufoka. "Osha matumbo! Tangu urudi shule ni mdomo tu! Maji yamepoa, hujamaliza hata nusu!"

"Mama anaumwa?"

"Nimesema osha!"

"Likizo ya Agosti, mliponiambia nibaki huku kwa masomo ya ziada. Lilikuwa neno lake au lako?"

Alitupa kisu ndani ya beseni, maji yakaturukia wote wawili. "Lake! Lilikuwa lake! Unafikiri mimi nakupenda sana hivyo hadi nikunyime mama yako? Anameza vidonge tangu Mei. Kila asubuhi zahanati, hajaruka hata siku moja. Aliniapisha. Alisema ukijua utatoroka shule uende umkalie kitandani. Sasa toroka! Enda! Halafu aniulize mimi!" Akaketi kwenye kreti iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta, na sikujua kama ni maji ya beseni.

Mama, ulinidanganya vizuri sana. Ulisema Mwadime amehamia kwa Nyanya kwa sababu anampenda mbwa wa Nyanya. Ulisema likizo ni fupi, safari ni ndefu, wenzangu wote wanasoma. Nilibaki huku Agosti nzima, na hakukuwa na masomo ya ziada zaidi ya wiki moja. Wiki zilizobaki nilikaa mlangoni kwa Mama Mdogo nikiwaona wenzangu wakirudi kwao na mabegi, na nilisema maneno juu yako moyoni. Unayajua maneno hayo. Ni yale matatu yaliyo pembeni mwa kitabu changu, na hayo hakuna mwalimu aliyenisomea.

Sasa nakuuliza, na swali hili ni langu. Siku ile Aprili, hata kabla ya vidonge, uliposimamisha cherehani, ulikuwa unaniuliza juu ya Bi Naomi, au ulikuwa unaniambia?

Ningejua, ningekuja? Ndiyo, ningekuja. Hapo ulinijua. Lakini mwandishi huyo alimlaani mama yake miaka yote kwa sababu hakuna aliyemwona amekua vya kutosha kuambiwa, na angalia alichogeuka. Mimi sitaki kuambiwa nikiwa na mvi. Nina miaka kumi na saba, naosha matumbo ya watu, nasimama karibu na ndoo ya takataka bila kubadili jibu. Naweza kuambiwa.

Nimemuuliza pia mwalimu wa baiolojia, bila kumtajia mtu. Akasema mgonjwa akimeza dawa zake majuma kadhaa bila kuruka, na zahanati ikampima na kuridhika, haambukizi tena. Wewe umeanza Mei. Sasa ni mwisho wa Oktoba. Kwa hiyo nieleze, Mama, tangu lini unanizuia bure?

Shule inafungwa katikati ya mwezi ujao. Nakuja nyumbani. Nimemwambia Mama Mdogo, akanifokea robo saa nzima, kisha akaniuliza kama bado unapenda sukari nguru. Kama una sababu nyingine ya kunikataza, iandike yote, usibakishe, nami nitaisoma hadi mwisho na kuiheshimu. Kama huna, nitandikie pale pangu.

Nisalimie Nyanya, na umwambie simlaumu kwa kuwa najua aliapishwa pia. Nisalimie Mwadime, mdogo wangu mtoro, mwambie nitamhoji habari za huyo mbwa. Msalimie Mama Sao, jirani yetu wa simu, na fundi mwenzako Mzee Kilonzo anayekutilia uzi kwenye sindano. Na yule dada wa zahanati anayekupa vidonge kila asubuhi, simjui jina, lakini mpe salamu zangu kabla ya wengine wote.

Ni mimi mwanao, niliyekukasirikia na ninayekuja,

Wakesho